Swichi ya Marehemu

Kama kuna mtu aliyejua kujipiga kifua kwenye mtaa wa magereji, basi alikuwa Saketi. Jina hilo alijipa mwenyewe, akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa gereji yake, na chini yake akaongeza: Bingwa wa Umeme wa Magari ya Jeshi. Gwanda hakuwahi kuvaa hata siku moja. Ila magari yaliyostaafu jeshini, yale ya kijani yenye magurudumu makubwa na mgongo wa turubai, yanayouzwa mnadani na kununuliwa na watu wa kazi za porini, aliyapenda kweli, na mtaani ni yeye peke yake aliyethubutu kuyagusa. Wenzake waliyakimbia. Gari la kawaida lina betri moja ya volti kumi na mbili. Haya yana betri mbili zilizoungwa pamoja, na fundi akisahau hilo, balbu zinapasuka na redio inatoa moshi. Saketi hakusahau. Kwa hilo tumpe haki yake.

Lakini alikuwa na njia yake ya mkato, na hiyo ndiyo iliyomponza. Kila gari la jeshi lililoingia kwake, jambo la kwanza aling'oa swichi yake kubwa ya taa, ile ya chuma yenye mikono mitatu, akaitupa pembeni. Badala yake alitoboa dashibodi akaweka viswichi vya kawaida vya dukani, kimoja cha taa, kimoja cha honi, mambo yakaisha. "Haya madude ya jeshi ni mzigo tu," alikuwa akiwaambia wateja, nao walitikisa kichwa kukubali kwa sababu bingwa kasema. Hivyo hakupata hata mara moja sababu ya kujua ile swichi inavyofanya kazi. Bingwa wa magari ya jeshi hakuijua swichi ya taa ya gari la jeshi, na aliishi vizuri tu.

Basi siku moja akaja daktari wa mifugo, mtu mpole mwenye buti zilizoganda tope, na gari alilolipata mnadani. Injini ilinguruma safi. Ila pale swichi ya taa ilipotakiwa kuwa palikuwa na shimo na nyaya zinaning'inia. Kuna mjanja aliyeinyofoa kabla ya mnada. Saketi akanyoosha mkono kuchukua drili.

"Hapana, fundi," daktari akasema. "Matundu sitaki. Nataka swichi yake yenyewe, kama ilivyotoka jeshini. Mimi natembea njia za porini, malori yako nyuma yangu kwenye vumbi. Nikikanyaga breki nataka wanione."

Saketi angeweza kusema kwamba swichi hiyo hajawahi kuifunga. Maneno yenyewe hayajazi hata kiganja. Lakini juu ya mlango palikuwa na maandishi mekundu, na daktari alikuwa ameshayasoma.

"Hiyo kazi ndogo," akasema.

Kwa swichi kama ile mtaa mzima ulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea, na mtu huyo alikuwa mama mkwe wake.

Wateja walimwita Mama Vipuri. Duka lake lilikuwa mwisho wa mtaa, chumba kirefu chenye harufu ya grisi na rafu zilizopanda hadi darini: plagi zisizoingia maji, nyaya zilizovikwa chuma, taa ndogo zenye vifuniko kama kope. Marehemu mume wake alikuwa fundi jeshini, na alipostaafu alinunua gari moja kati ya yale aliyoyahudumia. Gari hilo lilikuwa bado uani, ubavuni mwa duka, limefunikwa turubai, halijapungukiwa hata skrubu. Baada ya mazishi watu walidhani mama atafunga duka. Hakufunga. Alikwenda minadani mwenyewe, akainama kwenye marundo ya vyuma pamoja na wanaume, akachagua. Watu wa mbali walimpigia simu na kuagiza kitu bila kukiona, kwa sababu yeye akisema kizima, ni kizima. Ukiondoa vyuma vile, mali yake ilikuwa neno hilo.

Mbele ya mama huyu Saketi alikuwa kondoo. Yule mpiga domo wa gerejini aliamkia kwa kuinamisha kichwa, akakaa akiambiwa kaa, akajibu "ndiyo mama" kwa sauti ya mtoto aliyetumwa chumvi. Jambo zito alilipitisha kwa mkewe. Hiyo ni heshima, na hakuna wa kumlaumu. Kilicho cha kulaumiwa ni kwamba heshima yake iliishia kwenye kizingiti cha duka, kwani akishafika kwa wenzake alikuwa na utani wa mama mkwe wa kila siku ya wiki.

Mama alikuwa amepata kasha zima la swichi zile mnadani, mpya, zimefungwa moja moja kwenye karatasi ya mafuta. Alifungua moja, akaigeuza mwangani, akampa mkwewe kwa mikono miwili.

Saketi akaifunga asubuhi ile ile, waya kwa waya. Akabana kipande cha ubao kati ya kiti na pedali ili breki ikae imekanyagwa, akaunga betri, akazunguka nyuma. Giza. Taa za breki hazikuwaka. Akabonyeza honi, kimya. Indiketa, kimya. Kitu kimoja tu kilichowaka: kitaa kidogo kilichojificha chini ya bampa la mbele, mwanga wake hafifu, unaangaza shimo la mchwa na basi.

Akashika mita ya kupimia umeme. Umeme unaingia kwenye swichi, kwenye waya wa breki hautoki. Akajaribu kuuzungusha mkono mkubwa wa swichi, ukagoma. Akaushika kwa koleo na kitambaa, akakaza mpaka mshipa wa shingo ukamtoka, ukagoma vile vile. Siku nzima ikaenda hivyo. Jioni akafika mahali anapofika kila fundi aliyechoka na asiyetaka kuuliza.

"Mwambie mama ile swichi ni mbovu," akamwambia mkewe. "Imekufa ndani."

"Mwambie wewe."

"Mimi? Nimwambie mama kaniuzia maiti? Nitamtazama wapi?"

Mkewe akaichukua ile swichi ndani ya mfuko, akaenda nayo. Aliporudi alikaa kwanza, akavua viatu. "Mama anasema uende. Uchukue ya baba."

Asubuhi yake walivua turubai pamoja, yeye upande huu na mama upande ule. Saketi akafungua skrubu za dashibodi, na mama akasimama pembeni akizipokea moja moja kiganjani. Swichi ilipotoka, mama aliifuta vumbi kwa ncha ya nguo yake, polepole, mpaka kwenye pembe.

"Siku ya mwisho aliyoliendesha ilikuwa nzima," akasema. "Haya baba, nenda. Gari la watu lisikwame kwa ajili yangu."

Akaifunga. Akabana ubao, akaunga betri, akazunguka nyuma. Giza lile lile. Na kule mbele, kitaa kile kile kinaangaza mchwa.

Hapo mtu mwingine angejiuliza: mbili mfululizo? Na hii nyingine ilikuwa ikifanya kazi? Lakini fundi wa kuchomelea wa gereji ya jirani alikuwa amesimama mlangoni na chai yake, na nyuma yake madereva wawili watatu wenye muda wa kupoteza, na mmoja akauliza, "Vipi bingwa, bado?"

Saketi akageuka na kitambaa begani. "Jamani, mama mkwe wangu ana karama. Kasha zima ni makaburi matupu. Na hii ya marehemu nayo, naona imemfuata mwenyewe."

Walicheka mpaka fundi wa kuchomelea akamwaga chai. Saketi naye akacheka, kidogo, kama mtu aliyelipwa.

Utani mzuri hauhitaji nauli. Kufikia mchana ulikuwa umeshafika kwa wauza matairi, kwa wapiga rangi, na kwa watu wa mbali wenye simu. Mkewe jioni ile hakumsemesha. Aliweka sahani mezani, akaiacha ipoe pale, akaenda kulala na mtoto. Saketi akajiambia ni uchovu.

Siku iliyofuata alikuwa peke yake gerejini, akijiandaa kuing'oa ile swichi na kurudia drili yake. Aliingiza mkono wa kushoto nyuma ya dashibodi kutafuta nati, na wa kulia akaushikiza kwenye swichi ili isiteleze. Kidole gumba kikakuta kitu. Kikomeo kidogo, chembamba kama ukucha, kimepakwa rangi ile ile ya kijani kiasi kwamba jicho lilikipita. Kikainuka. Na ule mkono mkubwa, uliokataa koleo, ukageuka kwa uzito wa kiganja tu.

Ukuta wa nyuma ya gari ukawa mwekundu.

Aliutazama kwenye kioo cha pembeni. Ule ubao ulikuwa bado umebana pedali. Akabonyeza honi, na honi ikalia kwa sauti nzito hivi kwamba kuku wa jirani walitawanyika. Indiketa, kulia na kushoto, zote zikakonyeza. Akauzungusha mkono mkubwa taratibu, kituo kwa kituo, na kila kituo kilikuwa na kazi yake, mpaka akaurudisha pale ulipokuwa. Kila kitu kikazimika, kikabaki kile kitaa cha chini ya bampa.

Hapo akaelewa. Ni kituo cha kujificha. Wanajeshi wakitembea usiku karibu na adui, hawataki breki iwake wala mtu apige honi kwa bahati mbaya, kwa hiyo swichi inakata vyote na kuacha kitaa kimoja cha kuonea njia. Kikomeo kipo ili mkono usihame wenyewe. Swichi zote zilikuwa nzima. Zilihifadhiwa zikiwa kwenye kituo hicho, naye akazifunga zikiwa hivyo hivyo, halafu akapigana nazo na koleo.

Jambo la kwanza alilofanya halikuwa la kiungwana, na halifichiki. Alichungulia mlangoni kuona kama kuna aliyeona. Hapakuwa na mtu. Masikio yalikuwa yakimchoma. Akaanza kupanga maneno: nimeifungua, nimeisafisha, nimeifufua. Daktari atafurahi. Mtaa utasema bingwa ni bingwa. Alikuwa ameshafika mbali katika kupanga pale simu ilipoita.

"Uko wapi?" Ilikuwa sauti ya mkewe, na nyuma yake kitu kikigonga. "Njoo huku dukani. Mama anazivunja."

"Anavunja nini?"

"Swichi. Kasha lote. Nimemshika mkono kanikatalia."

Saketi alikimbia mtaa mzima na kitambaa begani. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa nusu. Ndani, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, kipande cha reli mbele yake, nyundo mkononi, na kuzunguka miguu yake vipande vya chuma, springi na shaba vimezagaa. Kando yake karatasi za mafuta zilikuwa zimekunjwa vizuri na kupangwa. Mkewe alisimama kwenye rafu amejishika mdomo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Chukua kiti."

Hakuchukua kiti. Mama aliweka nyundo mapajani akamtazama, na uso wake ulikuwa umechoka kwa namna ambayo Saketi hakuwahi kuiona, hata wakati wa msiba.

"Umeniokoa," akasema. "Ningewapelekea watu hizi. Mtu anakanyaga breki porini, nyuma haiwaki, anagongwa. Ningemjibu nini mkewe? Nimewapigia wote walioagiza, nimewaomba radhi mmoja mmoja. Watu wa chuma chakavu nao nimewakatalia, maana watazisafisha waziuze tena. Bora nizivunje mwenyewe." Akapumua. "Kilichoniuma ni kwamba sikuona. Miaka yote hii nikishika kitu najua. Nadhani nimezeeka, nilikuwa sijakubali tu. Ahsante kwa kuniambia ukweli."

Na hapo Saketi angeweza kusema "pole mama" na kuondoka. Hakuna ambaye angejua. Ushahidi ulikuwa sakafuni, vipande vipande, na ulivunjwa na mwenye mali mwenyewe. Aliona ile aibu imekaa kwenye kigoda na nyundo mapajani, imevaliwa na mtu asiyestahili, tena anashukuru. Kama angetukanwa ingekuwa nafuu.

"Mama, zilikuwa nzima."

"Zipi?"

"Zote. Na ile ya baba." Sauti yake ilikuwa ile ya mtoto, ila safari hii hakuwa akiigiza. "Mkono ulikuwa kwenye kituo cha kujificha. Kuna kikomeo unakiinua ndipo unageuka. Mimi sikukijua. Nimekikuta leo, kwa bahati tu."

Mama alimtazama, si kwa hasira. Alikuwa anajaribu kuelewa. "Hukukijua kikomeo?"

"Sikukijua."

"Lakini wewe ndiye fundi wa haya magari." Alisema kama mtu anayeuliza njia. "Baba yao aliuacha hapo makusudi. Watoto walikuwa wanapanda kuchezea honi. Nilikuona unaing'oa ikiwa hivyo, nikasema moyoni mkwe wangu anajua. Ningeanzia wapi kukufundisha kazi yako?"

Mkewe akageuka, akaanza kupanga upya kitu kwenye rafu ambacho hakikuhitaji kupangwa.

Mama akainama, akaokota springi moja, akaiviringisha kati ya vidole. "Hizi hazitengenezwi tena," akasema. Akaiweka kwenye karatasi. Halafu akapapasa ndani ya kasha, akatoa swichi moja iliyobaki, ya mwisho, na kumpa. Kwa mkono mmoja. "Hii kamfungie daktari. Ile ya mume wangu irudishe mahali pake. Leo."

Alifanya kazi ile bila kunyanyua macho. Swichi ya kasha ikaingia kwenye gari la daktari, na taa zikawaka mara ya kwanza, na hakufurahi hata kidogo. Kisha akafunga betri zake mbili kwenye mkokoteni, akausukuma mpaka uani kwa mama, akaunga, akairudisha swichi ya marehemu kwenye dashibodi yake. Mama alisimama pale pale alipokuwa amesimama mara ya kwanza, akimpa skrubu moja moja kutoka kiganjani. Skrubu ya mwisho ilipokazwa, Saketi akafuta mikono.

"Tayari mama."

"Nitajuaje? Piga honi."

Akabonyeza. Kimya. Mkono ulikuwa kwenye kujificha. Akainua kikomeo mbele ya macho ya mama, akaugeuza, akabonyeza tena.

Honi ya gari lile ilikuwa haijalia tangu mwenyewe alipofariki. Ililia sasa juu ya paa za mabati na kushuka mtaa mzima. Saketi akaondoa kidole.

"Endelea," mama akasema.

Akaendelea. Fundi wa kuchomelea akatokea na miwani yake kwenye paji la uso. Wauza matairi wakaja, wapiga rangi wakaja, madereva wale wale wakaja, mmoja akikimbia akidhani kuna ajali. Walipojaa getini, mama akainua mkono na honi ikanyamaza.

"Haya," akamwambia mkwewe. "Waambie."

Akasimama kwenye ngazi ya gari, kwa hiyo kila mtu alimwona vizuri. Aliwaambia swichi za mama zilikuwa nzima, kasha lote. Aliwaambia kuhusu kikomeo. Aliwaambia amekuwa aking'oa swichi hizo kwa sababu yeye hakuzijua, na kwamba wenye simu wawapigie wale waliowapigia mwanzo. Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Saketi akamwacha acheke. Alipomaliza alishusha pumzi, akaweka mguu mmoja chini.

"Na lile la marehemu?" mama akauliza.

Mguu ukabaki pale ulipo. Kumbe alikuwa amelisikia. Alikuwa amelisikia tangu siku ile, na bado alimkaribisha kiti, na bado alimshukuru. Saketi alimtafuta mkewe kwa macho, naye alikuwa anatazama chini.

"Nilisema," akaanza, akakatiza, akaanza tena. "Nilisema kasha la mama mkwe wangu ni makaburi. Nikasema swichi ya marehemu, naona imemfuata mwenyewe."

Yalikuwa maneno yale yale, na safari hii hakuna aliyecheka. Fundi wa kuchomelea alivua miwani akaanza kuifuta. Watu wakasogea sogea, wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuagana.

Mama mkwe akapanda garini, akamwomba mkwewe apishe. Akakiinua kile kikomeo kwa kidole gumba, bila kukitafuta, akaurudisha mkono wa swichi mahali marehemu alipouacha. Kisha akashuka, akashika ncha moja ya turubai, akasubiri Saketi ashike nyingine.